Seli za Mzee Kizito

Tausi aliinamia hadubini akaduwaa. Seli za kinga za Mzee Kizito, ambazo mwezi uliopita hazikushika rangi ya kupimia mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, sasa zilikuwa zinawaka kijani.

"Safari hii nimeongeza dawa ya kuzizuia zisiteme rangi," alisema Shija, fundi wa maabara. "Kumbe zilikuwa zinaitema, dakta. Hazikuwa dhaifu hata kidogo."

Kwa kipimo kile cha mwezi uliopita, Tausi ndiye aliyemwondoa mzee kwenye matibabu ya majaribio. "Seli zako zimechoka, baba," alimwambia, naye akamshukuru kwa mikono miwili.

Sasa akapiga simu nyumbani kwa mzee. Binti yake akapokea.

"Baba amegoma kula, dakta. Anasema hataki kuusumbua mwili uliochoka."

Tausi alirudi kwenye hadubini. Seli zilikuwa bado zinawaka.