Kofia ya Hélène

Tangu apigwe na kiharusi, Hélène hakuwa na sauti, wala mkono wa kumtii, wala shingo ya kutikisa akikataa jambo. Akili ilibaki nzima.

Daktari kutoka hospitali ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, alimvika kofia ya nyaya inayosoma ubongo. Herufi zikatokea polepole kwenye kioo: PAPA, UJI WAKO HAUNA SUKARI.

Mume wake, yule Papa mpika uji, alicheka mpaka machozi.

"Mama, miaka tatu unanivumilia tu? Sasa madaktari wakufungue kichwa, watie mashine ya kudumu. Barua yao ya kuomba ruhusa njo hii, nimesha kuandika ndiyo."

Jasho lilimtiririka Hélène chini ya kofia. Jibu lilichukua karibu saa nzima.

HUKUNIULIZA. NIMECHOKA. HAPANA.

Mzee wake alimpangusa paji la uso. Akaichana barua, akaandika nyingine yenye HAPANA yake, akailamba bahasha, akampa nahodha wa boti ya Kigoma.