Mkeka wa Bi Chausiku

Mtaani Chumbageni kila mtu alivaa bangili. Mwili ukitulia kupita kiasi mchana, bangili iliwatangazia majirani msiba.

Salha alilisahau hilo. Alikuwa ametoka zamu hospitali, akainjika maharage, kisha akafungua darasa lake la kwanza la yoga sebuleni. Mwishoni akawalaza wanafunzi chali.

"Legezeni mwili wote."

Wakalegea kweli.

Mara jirani yake, Bi Chausiku, akaingia akilia, mkeka kwapani, nyuma yake wanawake wamebeba masufuria. "Jamani, nani katutoka?"

"Hajafa mtu, mama. Tunapumzika."

"Mchana huu?" Bi Chausiku akaguna, akaitazama miguu yake iliyovimba, kisha akautandika mkeka wake wa msibani. "Haya, nifundishe na mimi."

Mwezi haukuisha, sebule ikajaa. Bangili zililia kila darasa, mtaa ukazizoea.

Jumanne moja, siku isiyo na darasa, bangili ya Bi Chausiku ikatangaza msiba. Salha akaacha mboga jikoni, akakimbia. Akamkuta mkekani, chali, kimya.

"Mama!"

Jicho moja likafunguka. "Mwalimu, unanikatiza."

Salha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatazama mlangoni. Hakuna mwingine aliyekuja.