Jiwe la Gregor Pečnik

Ludvik Pečnik hakumsalimia mwanamke wa maktaba. Aliweka kofia yake juu ya meza, akatoa kikaratasi chenye tarehe, akakisukuma mbele kwa kidole kimoja, kama anayemsogezea paka sahani.

"Gazeti la Sauti ya Bonde, tarehe sita Novemba, mwaka 1908," alisema. "Na unawe mikono kabla hujalishika."

Zofka Kobal alikisoma, akainuka kwenda kulitafuta. Walitoka kijiji kimoja, Zalipje, kanisa na kijito tu vikitenganisha nyumba zao, lakini katika miaka yake sitini na minane Ludvik hakuwahi kukanyaga ua wa akina Kobal. Baba yake hakukanyaga, wala babu yake. Kijijini hakuna aliyewaita Kobal. Waliitwa Wakatakamba, na mtoto wao akikosa shabaha kwenye mpira watu walicheka na kusema damu haijifichi.

Kisa chenyewe kilijulikana na kila mtu. Wanaume wawili wa Zalipje walivuka milima kwenda kuchimba zebaki, na siku moja mgodi ukashika moto. Gregor Pečnik, baba mzaa babu wa Ludvik, alirudi shimoni mara tisa, kila mara akitoka na mtu mgongoni, na mara ya kumi hakutoka. Matija Kobal alipanda kamba, akaona wenzake wananing'inia chini yake, akaikata. Moshi ukamuua palepale mdomoni mwa shimo. Habari ililetwa Zalipje na muuza sindano, imo kwenye kipande cha gazeti, na tangu hapo kipande hicho kilining'inia ndani ya fremu ukutani kwa akina Pečnik, juu ya meza wanayokatia mkate wa Pasaka.

Sasa kijiji kilikuwa kimejenga daraja jipya, na daraja lilipewa jina la Gregor. Jiwe lake la kumbukumbu lilikwisha kuchongwa. Ludvik ndiye aliyetunga maneno yake, naye hakumwacha Kobal nje: ushujaa wa mmoja juu, woga wa mwingine chini, yote kwa herufi za dhahabu. Padri alikwenda kumsihi aliondoe jina la pili, kwa ajili ya baba yake Zofka, mzee wa miaka tisini na mmoja ambaye angelazimika kupita hapo kila Jumapili akienda misa. Ludvik alimmiminia padri kikombe cha kahawa, akamjibu kwamba kama wanaona haya wangechagua babu mwingine.

Kilichobaki ni tarehe ya mazishi ya Gregor tu. Mchongaji alikuwa ameiachia nafasi.

Zofka alirudi na jalada kubwa la magazeti, akalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Ludvik alivaa miwani, akasoma kwa sauti ili wasomaji wawili waliokuwa dirishani wasikie. Alipofika kwenye habari za kamba alipunguza mwendo, akawa anasoma neno moja moja, akiinua macho kutoka kwenye gazeti kumwangalia Zofka. Zofka alikuwa anachonga penseli.

"Nikutolee nakala?" aliuliza.

"Mbili. Moja ukabandike kwenu."

Alizitoa nakala mbili, akazikunja vizuri na kuzitia kwenye bahasha. Lakini Ludvik alipoagiza toleo la wiki iliyofuata, maana mazishi yangekuwa humo, mkono wa Zofka ulisita juu ya bahasha.

"Bwana Pečnik, ulichofuata umekipata. Mazishi yalikuwa tarehe tisa, saa nne asubuhi. Nitakuandikia hapa na kupiga muhuri. Basi la saa saba bado unaliwahi."

"Umejuaje?"

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki. Gazeti la mwaka huo nimelisoma lote."

Ludvik alivua miwani. Furaha ilimpanda polepole, ile furaha ya mtu aliyekuwa anatafuta panya mmoja akagundua kiota. Kumbe kulikuwa na mengine. Huenda Kobal aliiba pia. Huenda alikuwa na mke wa pili kule mgodini. Jiwe lilikuwa bado na nafasi ya mstari mmoja.

"Kwa hiyo kuna jambo mnalificha."

"Nililisoma nikaliacha humo humo," alisema Zofka kwa sauti ya chini. "Nakuomba na wewe uliache. Siyo kwa ajili yangu."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Mwambie mzee wako ajifunze kupita njia nyingine kwenda misa. Leta gazeti, mama. Unalipwa kwa kodi yangu."

Zofka aliweka penseli chini. Kisha alikwenda, akalileta, akaliweka mbele yake likiwa limefungwa, akarudi kitini pake.

Ludvik alilifungua mwenyewe. Tarehe ya mazishi aliiona ukurasa wa tatu: tarehe tisa, saa nne. Mwanamke hakudanganya. Aliinakili, kisha akaanza kupitisha kidole chini ya ukurasa akilitafuta lile jina. Alipita bei za viazi. Alipita tangazo la viatu vya mpira. Chini kabisa pembeni, kwenye kisanduku kidogo kuliko kadi ya karata, kidole kiligonga neno Kobal, naye akatabasamu, akakohoa kusafisha koo, akaanza kuwasomea wale wa dirishani kwa sauti:

"Masahihisho. Katika toleo letu lililopita, kwa kosa la mpanga herufi, majina ya marehemu wawili wa Zalipje yalibadilishana nafasi. Aliyerudi shimoni mara tisa ni Matija Kobal. Aliyekata kamba ni Gregor…"