Sehemu ya Sita, Nilivyoisimulia Mimi

Mume wangu haoni, kwa hiyo sinemani macho yake ni mimi: namnong'oneza kila kinachotokea. Sehemu zote tano zilizopita za filamu hii nilimsimulia bila kuongeza chumvi.

Leo, kwenye sehemu ya sita, mpishi mzee wa meli, kipenzi cha mume wangu, kasukumwa baharini kama gunia la taka, bila hata neno la kuaga.

"Imekuwaje?" ananiuliza, kiganja chake kikiloa jasho mkononi mwangu.

"Kaponea chupuchupu. Kashika kamba."

Nyuma yetu mtu anafoka: "Waandishi gani hawa! Wanamuua mpishi ili tu shujaa apate hasira?"

Mume wangu ananisogezea sikio.

"Haya, mama watoto. Kashika kamba, halafu?"