Mama wa Kitanda Namba Saba

Kofi lilimpata kaka mtu kabla hajamaliza kusema.

Wagonjwa wa wodi nzima waliinua vichwa. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu aligeuka. Yule mama, chupa ya maji moto kwapani, bado alikuwa ameinua mkono, anahema.

"Rudia," alisema. "Rudia ulichomwambia daktari, nami nisikie."

Kaka mtu alishika shavu. Alikuwa amesema hivi: mdogo wake, yule dereva, wiki ya tano hajitambui, homa ya uti wa mgongo imemmaliza, basi wamtoe ile mipira puani, wampeleke nyumbani akafie kwa amani. "Na hata ile kesi ya mtoto aliyegongwa na lori itaisha yenyewe," aliongeza, eti huruma hiyo.

"Hafi," alisema mama. "Ukiona kufa ni kutamu, tangulia wewe."

"Samahani, mama," alisema kaka mtu, akaondoka, na asionekane tena kwa wiki kadhaa. Ndugu wengine wako hivyo bwana, wepesi wa kuchoka.

Mama hakuchoka. Mchana na jioni, kengele ya kuona wagonjwa ikilia tu, huyo. Bawabu hata hakumwuliza tena anakwenda kwa nani. Alimgeuza dereva ubavu huu na ule asipate vidonda, akamkanda miguu, akampangusa udenda kwa taulo lake mwenyewe. Kisha aliinama sikioni mwake na kusema kwa meno yaliyobana, "Huendi popote. Unanisikia? Utakwenda nikikuruhusu mimi."

Hata kuomba aliomba kwa hasira. Hakupiga magoti. Alisimama mkono kiunoni, uso juu, kama mtu aliyefuata haki yake dirishani na hana mpango wa kuondoka. "Usimchukue, Baba. Huyu ni wangu."

Mzee wa kitanda namba nane, fundi saa aliyevunjika nyonga, aliyaona yote hayo. Siku moja alichungulia kikapu cha mama, akaona kiatu kimoja cha shule, kidogo, cheusi, chenye mkanda na kifungo cha pembeni.

"Cha mjukuu?"

"Cha mwanangu."

Mzee alitazama miguu ya dereva iliyochomoza nje ya shuka kama ya meza. "Pande hili la mtu liliwahi kuingia humo? Ama kweli, mama hasahau."

Mama alikifuta kile kiatu vumbi kwa upindo wa kanga. "Sisahau," alisema.

Wiki ya nane daktari alimwita pembeni. Figo nazo zilikuwa zimegoma. "Jikaze, mama. Sidhani kama kesho atafika."

Alirudi kitandani, akashika vyuma kwa mikono yote miwili. "Ulishanichukulia mmoja!" alimpigia Mungu kelele, wagonjwa wakajifunika shuka. "Nilikunyamazia! Huyu hapana!"

Kesho yake asubuhi dereva alifumbua macho, akaomba maji.

Daktari hakuwa mtu wa dini. Alimpima, akampima tena, akavua miwani. "Hii si kazi ya mikono yetu," alisema. Mama alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akalia. Kumbe Mungu alikuwa akimsikia siku zote.

Baada ya hapo hakumpa dereva nafasi ya kudeka. Alimlisha kijiko kwa kijiko. Alimkokota korido nzima, kwenda na kurudi, magoti yake yakigongana.

"Simama wima! Acha kushika ukuta. Nataka usimame saa nzima bila kuegemea."

"Mwache apumzike kidogo, jamani," alisema fundi saa.

"Ataenda kupumzika, mzee wangu. Muda atakuwa nao tele."

Siku ya kuruhusiwa, kaka mtu alijitokeza na suti. Mchungaji naye alikuja, akaomba sala ya shukrani, wodi nzima ikaitikia amina. Dereva alilia bila aibu.

"Madaktari walishanikatia tamaa," alisema. "Ni mkono wa Mungu huu. Na Mungu alimtumia mama huyu. Kaka, ulimpata wapi?"

"Mimi?" Kaka mtu alishangaa. "Si mtu wa kanisani kwenu?"

Mchungaji alitikisa kichwa. "Kwetu hayupo. Mimi nilijua ni mama yenu mzazi."

"Mama yetu tulimzika tukiwa wadogo."

Macho yote yalimgeukia. Mama alikuwa akikunja taulo lake, taratibu, kona kwa kona. Aliliweka kikapuni, akatoa kile kiatu, akakiweka juu ya shuka safi mbele ya dereva. Kisha akaenda kuufungua mlango. Askari wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje.

"Ingieni, wanangu," aliwaambia. "Mungu ni mwema, anasimama mwenyewe sasa."

Akamgeukia dereva. "Kiatu cha pili wanacho hawa. Walikikuta kimenasa chini ya lori lako."