Mdomo wa Mama

Kwenye benchi la daktari wa meno, mchora mabango alikuwa akiikodolea macho midomo ya watu. Picha ya marehemu mama yake ilikuwa imekamilika, isipokuwa mdomo. Kila alipomkumbuka akicheka, aliona kiganja tu. Mama hakuwahi kucheka bila kujiziba.

“Wee mwanangu, meno yangu yamekukosea nini?” akauliza bibi aliyeketi mbele yake.

Mchoraji alishikwa na haya, akacheka. Papo hapo, kwenye kioo cha dirisha, akamwona mama: macho yaleyale, kiganja kilekile mdomoni.

Akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Akakitazama tena kile kiganja, asijue ni cha nani.

Kisha, taratibu, akaanza kukishusha.