Taa ya Trente Juin

Jiwe la kwanza liligonga mlango wakati Eulalie akiwasha kiberiti. La pili lilimkuta ameshaiweka taa dirishani.

"Balikununua na nini, Eulalie? Na sukari?" Papa Léopold alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, mtaa mzima usikie. "Leo trente juin, siku ya uhuru wetu, weye unawashia waasi taa!"

"Kesho atawafulia na kaputula!" mwanamke mmoja akadakia. Kicheko kikapita gizani, kikali kama siki.

Waasi walikuwa wameamuru kila dirisha la Bukavu liwe na taa jioni hiyo, ili wageni wao waone jinsi mji ulivyo na furaha. Mji ukajibu kwa ville morte: duka lisifunguliwe, taa isiwashwe. Kutoka kilimani hadi ziwani giza lilikuwa limetanda kama tusi. Dirisha moja tu liliwaka.

Eulalie akapandisha utambi. Nathanaël, mwanawe wa pekee, alikuwa amefungiwa ndani ya kontena la waasi tangu Pasaka, na Komanda Gérard alikuwa amesema neno lake: taa dirishani, mtoto nyumbani.

Akalitimiza. Gari lilisimama nje, Komanda akaingia akimsukuma Nathanaël mbele yake, amekonda kama ufito, mdomo umepasuka. Eulalie alimkumbatia kijana, akampapasa mbavu. Hakulia.

"Ingia kwa jikoni, papa," akamwambia mwanawe. "Bugali iko chini ya meza."

Komanda akacheka. "Unaona, maman? Sisi si wanyama. Wanyama ni hawa majirani wako."

"Balinitukana leo yote, mon commandant. Ikala hapa kwa dirisha. Bakuone vizuri, bakufe na wivu."

Wazo hilo lilimkuna Komanda pale panapowasha. Akavuta kiti, akakaa kando ya taa, kifua mbele kama picha ya rais ukutani, akaitisha kasiksi, pombe ya ndizi.

"Naleta," Eulalie alisema.

Akaingia jikoni, akarudisha mlango, akamlaza Nathanaël kifudifudi sakafuni, kisha naye akalala juu yake.

Ng'ambo ya barabara, gizani, Papa Léopold akaegemeza bunduki begani, akafumba jicho moja.